Kijiko Nilichomwambia Binti Yangu Asikitaje

Mama Ghattas mpendwa, mshauri wetu sisi tunaoanza na ukurasa wako kabla ya habari za dunia, naomba msaada, na kwanza naomba unisamehe mwandiko na urefu, maana mimi niliishia darasa la tisa nikaenda kujifunza cherehani na sijaandika barua tangu kaka yangu alipokuwa Kuwait, lakini jambo hili limenikaa kifuani na nikimwambia mtu hapa Madaba litamfikia mama mkwe wangu kabla mimi sijafika nyumbani.

Mimi ni Mlatini wa kuzaliwa, yaani Mkatoliki wa Roma, na nimesoma kwa masista hapa hapa mjini, nikaolewa na Odeh, fundi wa friji, mtu mwema sana, ambaye wao ni Waortodoksi, na kama unavyojua kwetu Yordani mke hufuata kanisa la mume na watoto humfuata baba, sikulalamika siku ile na silalamiki leo, watoto wangu wamebatizwa kwake, wa kwanza Rakan ambaye sasa yuko jeshini, na wa mwisho Jumana, aliyekuja nikiwa nimeshakata tamaa na nguo za mtoto nimeshazigawa kwa majirani. Jumana yuko darasa la tatu, shule ile ile niliyosoma mimi, na ukuta wa uani ni ule ule niliokuwa naegemea nikila mkate wangu wa zaatari, ule wa majani makavu na ufuta.

Mwaka huu mwalimu wao wa dini ni Sista Emiliana, mgeni kwetu, ametoka upande wa Bethlehemu, na nakwambia Mama Ghattas, sijawahi kuona mwalimu wa namna ile, asubuhi anasimama getini na kila mtoto anamwita kwa jina lake na kumuuliza habari za mtu wa nyumbani, huyu habari za paka, yule habari za babu aliyepasuliwa jicho, na ana tabia moja iliyotupa kazi wazazi wote, kwamba mtoto akimuuliza swali zuri hamjibu siku ile, anamwambia, "Lala nalo, kesho uniambie umefika nalo wapi." Basi Jumana alikuwa analala nayo, anakula nayo, anaoga nayo. Kwa nini mwali wa mshumaa hauna kivuli. Kwa nini Yesu alikula samaki baada ya kufufuka, alikuwa na njaa au alitaka tu kuwaonyesha. Odeh akaniambia huyu sista ada tunalipa sisi na kufundisha tunafundisha sisi, lakini nilimwona amewasha mshumaa jikoni na kuuzungushia tochi, mtu mzima na kipara chake.

Sasa darasa la tatu, kwa masista, ndio mwaka wa Komunyo ya Kwanza. Wanajiandaa mwaka mzima, wanaungama kwa mara ya kwanza Jumamosi, halafu Jumapili inayofuata wanaingia kanisani kwa mstari wamevaa kanzu nyeupe za shule, zote sawasawa ili mtoto wa mwenye nacho asimzidi mtoto wa asiye nacho, kila mmoja na mshumaa wake, na wazazi nyuma wanagawa lozi za sukari. Sista alipouliza darasani nani amebatizwa, Jumana akanyoosha mkono, na ni kweli amebatizwa, hakuna aliyeuliza ni kanisa gani, na ukoo wa mume wangu nusu yao Walatini nusu Waortodoksi, kwa hiyo jina halimwambii mgeni kitu, na mimi nikanyamaza. Nilinyamaza kwa furaha, Mama Ghattas. Rakan alisoma shule ya serikali, hakupita mstari ule. Nilisema moyoni, hiki kimoja kitatoka kwangu kwenda kwa binti yangu.

Lakini wewe unajua na mimi najua, kwa Waortodoksi mtoto akishabatizwa na kupakwa mafuta anapelekwa kwenye kikombe akiwa bado mchanga, anapewa kwa kijiko, mkate umelowa kwenye divai. Jumana amekula tangu hajaota jino.

Basi siku moja Sista akawapeleka darasa zima jikoni mwa shule kuoka mkate, wote, hata watoto Waislamu ambao saa ya dini huwa wana mwalimu wao, maana alisema mkate hauna kabila. Haya yote amenisimulia Jumana akiwa bado na unga kwenye nyusi. Sista akawaambia kwamba mkate wa altare ni unga na maji tu, hauna hamira, na Jumana akasema, "Wa bibi yangu una hamira, Sista. Anaufunika blanketi mpaka uumuke, halafu anaupiga muhuri wa mti. Na mimi nimeula, na divai, kwa kijiko, tangu nikiwa mtoto mchanga." Na ni kweli, mama mkwe wangu, Bibi Wadha, ndiye mwokaji wa mkate wa kanisa lao, na muhuri ule ameurithi kwa mama yake kule Karak.

Mvulana mmoja wa darasa lao akamwambia, "Kumbe wewe umeshakula. Sasa mstarini unatafuta nini, umekuja kurudia sahani?" Darasa likaangua kicheko. Rafiki yake Rahaf, mtoto wa Kiislamu anayekaa naye dawati moja, ndiye aliyemtetea, akasema yeye alikuwa anafunga nusu siku tangu ana miaka mitano, mpaka adhuhuri, kwao wanaita kupanda ngazi za mnara, na mwaka huu alipofunga siku nzima babu yake alimletea hereni akasema hii ndiyo saumu yako ya kwanza, na hakuna aliyemwambia amekuja kurudia sahani. Watoto wa miaka minane, Mama Ghattas, wanabishana mambo ambayo mapadre wanayapigia mikutano.

Na Sista hakucheka wala hakukasirika. Alimuuliza Jumana mkate unaumuka kwa muda gani, na juu ya muhuri kumechongwa nini, na Jumana akayajua yote, kisha akamwambia, "Muulize bibi yako kama atakuja kutuonyesha."

Mwanangu alirudi anaruka. Nikaona hii ni njia ya upole ya kumtoa mtoto mstarini, Bibi Wadha akija pale na muhuri wake ataongea kila kitu, maana haongei nusu, na Sista atasema mtoto huyu hana komunyo ya kwanza ya kupokea, akae na wazazi. Kwa hiyo ule mwaliko sikuufikisha. Na nikamkalisha Jumana nikamwambia Sista akimuuliza tena, aseme alichanganya, kwamba alichokula ni ule mkate wa baraka tu, unaogawiwa mlangoni baada ya ibada kwa kila mtu.

Akaniangalia. "Na kijiko?"

"Kijiko usikitaje."

"Kwa nini?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Lala nalo."

Kesho yake alimwambia Sista kama nilivyomfundisha. Sista akasema, "Haya, nimekusikia," basi, hakuongeza neno. Na tangu siku hiyo Jumana haulizi kitu. Anarudi, anavua viatu, anakula, anafanya hesabu zake. Odeh alimuuliza leo umekuja na nini, akasema leo hakuna. Nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia friji inavyonguruma, na friji ya fundi nayo mbovu siku zote.

Kama hiyo haitoshi, kanzu imeleta balaa. Shule ilitupatia kanzu tuzifue na kupunguza pindo, nikaanika ya Jumana kwenye kamba, na Bibi Wadha akaja na mtindi wake kama kawaida. Akaniuliza hii ya nani. Nikamwambia ya Jumana, ya Komunyo ya Kwanza.

"Ya kwanza?" akasema.

Nikaanza kumweleza kwamba ni desturi ya shule, na watoto wote wanafanya, na ni ya kupiga picha tu, na yeye akaniacha nikamaliza kabisa, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo naiogopa kuliko makelele yake, "Mimi nilimbeba kwa mikono hii mpaka kwenye kikombe. Alifungua mdomo kama kifaranga, Padri Mitri akacheka. Wewe ulikuwa nyuma yangu unalia kwa furaha, nilikusikia. Sasa lile lilikuwa nini, mwanangu? Uji?"

Akaacha kahawa yake mezani, na yeye haachi kahawa ya mtu, akasema wakiiita ya kwanza yeye hataingia ndani ya kanisa lile. Odeh nikimwambia anasema mkate ni mkate na Mungu ni mmoja na nimwache alale. Mama mkwe bado hajui habari ya kijiko. Akijua kwamba nilimfundisha mjukuu wake kukikana, sijui nitauweka wapi uso wangu.

Na sasa lililonifanya nichukue kalamu. Juzi nilikuwa nampima Jumana pindo, amesimama juu ya kiti, mimi nimeshika pini mdomoni, na akauliza swali, la kwanza baada ya siku zote zile, nikafurahi mpaka niliposikia lenyewe. Aliuliza, "Mama, Jumamosi nikiungama kwamba nilimdanganya Sista, nakutaja na wewe, au kila mtu anataja zake?"

Nilizitoa pini mdomoni moja moja, ili nipate muda. Nikamwambia simama wima, pindo linapanda. Hakuuliza tena.

Nifanye nini, Mama Ghattas? Nikisema ukweli shuleni watamtoa mstarini na mwaka mzima wa maandalizi umepotea, na wenzake watamcheka kweli sasa. Nikinyamaza ataenda mbele ya Padre na uongo ambao si wake. Na nikilala, mimi mwenyewe niliyeolewa miaka yote hii na kudhani nimeshayazoea, nimeanza kujiuliza kama mtoto, hiki cha kwanza ni cha kwanza kwa nani, na kile cha kijiko mbona nililia. Mimi nasali rozari yangu kila siku na bado sijui.

Dada yako katika imani,
Mama Rakan, Madaba

*

Mama Rakan,

Barua yako nilianza kuisoma nikicheka, nikaimaliza nimevua miwani. Nakupa pole kwanza, na uipokee vizuri, kwa sababu baada yake sitakuwa mpole.

Ulihama kanisa ukiwa binti mdogo kwa sababu hivyo ndivyo wanawake wa kwetu wanavyofanya, na hukumlalamikia mtu. Ukabaki na kitu kimoja ulichotamani mwanao akipate kama ulivyokipata wewe. Mstari ule unautaka wewe, mama, pengine kuliko Jumana. Sikulaumu hata kidogo. Ningekuwa wewe ningeutaka. Lakini ungemwambia mumeo hivyo, kwa maneno hayo hayo, tangu mwanzo wa mwaka, usingekuwa sasa umejificha nyuma ya mtoto wa miaka minane.

Maana hapo ndipo ulipokosea, na nitakuambia wazi. Jambo la makanisa mawili ni kubwa na si kosa lako. Jambo la kijiko ni lako lote. Ulimchukua mtoto aliyekuwa anawasha nyumba nzima kwa maswali, ukampa kitu cha kuficha, na mtoto mwenye kitu cha kuficha haulizi, kwa sababu kila swali linaweza kumpeleka pale. Na neno zuri la mwalimu wake, la kumfundisha kufikiri, wewe ukalitumia kumfunga mdomo. Hilo limeniuma kuliko uongo wenyewe.

Sasa soma tena ulichoandika mwenyewe. Sista alisikia mbele ya darasa zima kwamba Jumana ameshakula kwa kijiko. Je, alimtoa? Alimwita pembeni? Aliuliza mkate unaumuka kwa muda gani, na akamwalika bibi. Mtu anayetaka kumfukuza mtoto hamwaliki bibi yake aje kukanda unga. Na mtoto alipokuja na hadithi yako ya mkate wa mlangoni, alisema amesikia. Hakusema ameamini. Mwanamke aliyetoka Bethlehemu, ambako makanisa yanapakana ukuta kwa ukuta, unadhani hajui kijiko ni nini? Nadhani tangu siku ile anakungoja wewe.

Basi usimngojeshe tena. Kesho asubuhi fuatana na Jumana mpaka getini, mapema, kabla watoto hawajajaa. Mwambie Sista, mtoto akiwa amekushika mkono na anasikia: "Jumana alisema kweli kuhusu kijiko. Mimi ndiye niliyemwambia aseme vingine, niliogopa." Hayo tu. Usiongeze habari za mama mkwe, usiongeze machozi, usimfanye mtoto akubembeleze mbele ya mwalimu wake. Na mkiwa njiani kwenda, mjibu swali aliloliuliza juu ya kiti. Mwambie kila mtu anataja zake, na hili ni la mama, mama atalipeleka mwenyewe. Na ulipeleke, Jumamosi hiyo hiyo, upange foleni na watoto. Itamfaa kukuona pale.

Kutoka shuleni nenda moja kwa moja kwa Bibi Wadha. Mwombe msamaha kwa kijiko, ndiyo, mwambie yote, kwa mdomo wako. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki; ulimfundisha mjukuu wake kukana jambo ambalo yeye analihesabu kuwa kubwa kuliko yote aliyomfanyia. Usijitetee kwa kusema ni picha tu. Hukuamini hivyo ulipolisema, na yeye alijua. Akishamaliza, mfikishie mwaliko wa Sista. Ulikuwa wake, hukuwa na ruhusa ya kuukalia. Akikataa kwenda, muulize tena kesho yake, na umpelekee kahawa wewe.

Na Bibi Wadha, kama mtu anakusomea gazeti hili: una haki ya kuumia, lakini kususia mlango wa kanisa siku ya mjukuu wako ni adhabu inayompata yeye, wala haimpati mama yake. Ingia. Keti mbele. Odeh naye, baba, amka. Mkate ni mkate ni maneno ya mtu anayetaka kulala. Mambo haya yanakuhusu kuliko mtu yeyote, ni kanisa lako ndilo wote wamelifuata, na wewe ndiye unayeweza kuwachukua mkeo na mama yako katika gari moja.

Gari hilo liende kwa Padri Mitri kwanza, kisha kwa padre wa Walatini. Nendeni wote watatu. Mimi si padre na sitawaamulia kama Jumana ataingia mstarini, na akiingia tuiite nini siku yake. Ninachokijua ni kwamba hakuna hata mmoja wa hao wawili atakayekuambia kile cha kijiko kilikuwa uji. Ulilia siku ile kwa sababu kilikuwa kweli, na kwa hilo hukuhitaji kuniandikia. Waulizeni ana kwa ana, miguu yao chini ya meza, na mkubali jibu kabla hamjalisikia. Ukienda pale umeshaamua ni jibu gani unalitaka, usiende.

Pengine watasema apange mstari na wenzake, na siku yake waipatie jina la haki. Shukuru, gawa lozi zako. Pengine watasema hapana. Basi usimfiche nyumbani siku hiyo kama mgonjwa, na ile kanzu irudishe shuleni imefuliwa na kupigwa pasi. Mvalishe nguo yake nzuri, umpeleke kanisani awatazame wenzake, uketi naye mahali anapoona altare yote, bibi yake upande mmoja na wewe upande mwingine. Atawauliza maswali misa nzima, watu watageuka kuwaangalia. Waache wageuke. Mjibu kwa sauti ya chini kila unalolijua, na ukifika pale usipojua, usimwambie alale nalo. Mwambie, "Sijui, mwanangu," umshike mkono, muendelee kutazama wote pamoja.

Mama Ghattas